Nyayo za Ng'ombe wa Warumi

Bomani, Tarime
Jumatano, baada ya chakula cha jioni

Robi mwanangu,

Hali yako siulizi, maana nakusikia hapo chumba cha pili unapigana na zipu ya begi, na baba yako anakwambia ulikalie. Mimi ni mzima, ila kutulia nimeshindwa. Nainuka, nakaa, naenda jikoni kuonja mchuzi ambao tumeshaula. Mama wee! Mtoto wangu anakwenda Dar es Salaam, kwenye jumba la makumbusho, kuwafundisha watoto hadithi za Warumi wa kale kwa rangi na udongo! Nikiliwaza hilo natamani nitoke uani nipige vigelegele, majirani waseme walivyozoea kusema.

Mambo ya nguo, chakula, dawa ya malaria na watu wa kutowaamini stendi, baba yako ameshayamaliza, na kesho atayarudia mpaka utamani basi liondoke. Hayo mimi nayaacha. Ninalo moja tu, na naliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo utanikatiza. Usibishe, unajua ni kweli.

Jumapili tulipokuwa tunachambua maharage ulisema, "Mama, mimi nikifika kule nitasoma ile karatasi waliyonitumia, neno kwa neno, basi. Watoto wa Dar wakisikia hii lafudhi yetu ya Kikurya watanicheka mpaka saa ya kwenda nyumbani." Ukacheka na wewe, lakini macho yako hayakucheka. Mimi nikajibu upuuzi, nikasema watakuzoea. Tangu siku hiyo nakusikia ukifanya mazoezi: "Katika utamaduni wa Warumi wa kale, Jupita alikuwa mkuu wa miungu yote." Robi! Ile ni sauti gani? Unasoma kama mtu aliyepewa tangazo la msiba wa mtu asiyemjua. Nimekaa nawaza, huyu mtoto amejaliwa mdomo uliozuia watu wenye pinde, leo anataka kuufungia ndani ya karatasi kwa kuogopa kuchekwa na watoto.

Ya pinde unayajua kwa vicheko vyake, ulikuwa na miaka tisa. Ngoja nikupe habari nzima, maana iko sehemu yake hujawahi kuisikia.

Wakati ule nilikuwa nafundisha shule ya msingi kule Nyambureti, wilaya ya Serengeti, mgeni kutoka Tarime. Wanakijiji walikuwa na chumba chao cha makumbusho, kile chenye ngao, mikuki, vibuyu vya maziwa na ngoma ambayo ilikatazwa kuguswa. Jumamosi waliniachia ufunguo niwafanyishe watoto sanaa humo ndani. Sista mmoja Mwitaliano, alipokuwa anarudi kwao, alituachia sanduku la picha kubwa za sanamu za Warumi na vinyago vichache vya plasta. Wazazi wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu analeta miungu ya kigeni. Nikasimama baada ya ibada nikawaambia, jamani, kila siku tunasimulia habari za sungura na fisi, na sijaona aliyemsujudia sungura. Wakacheka, yakaisha.

Tulikuwa na mtindo wetu. Kwanza mnaiangalia picha, kisha mnaigiza, mwisho mnafinyanga au kuchora. Tulipofika kwa Jano, yule mwenye nyuso mbili, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma, wewe ulimfinyanga baba yako: upande mmoja kabla ya chai, upande wa pili baada ya chai. Kile kichwa amekificha mpaka leo, anadai kilivunjika.

Lakini hadithi iliyowapandisha wazimu ni ya Kako. Herkule, mwenye nguvu kupita watu wote, alikuwa anaswaga ng'ombe wake, akafika mahali ambapo baadaye mji wa Roma ulijengwa, akachoka akalala. Kako, jitu la pangoni linalotema moto, akaja akaiba baadhi yao. Ili asikamatwe akawakokota kinyumenyume kwa mikia hadi pangoni, nyayo zikaonekana zinatoka pangoni badala ya kuingia. Sasa wewe nenda kawasimulie watoto wa wafugaji wa Serengeti habari ya wizi wa ng'ombe, halafu utegemee wakae wametulia! Watoto ambao baba zao wakisikia yowe wanaacha ugali mezani na kukimbia. Watoto wanaojua tangu wakiwa mgongoni kwamba nyayo za ng'ombe walioibwa zinafuatwa, na pale zinapoishia ndipo panapodaiwa ng'ombe. Kelele zilizopigwa siku ile! Mmoja anasema haiwezekani, ng'ombe ukimvuta mkia atakung'oa meno kwa teke. Mwingine anasema inawezekana, ila atakunyea. Wewe ukasema tujaribu.

Wazo la kwato lilikuwa lako, uamuzi ulikuwa wangu. Nikaenda Mugumu kwa seremala nikamwomba anichongee kwato za mti. Akaniuliza, "Mwalimu, kwato za nini tena?" Nikamwambia ni za ng'ombe wa Herkule. Akafikiri kidogo, akasema, "Huyo mteja simjui, lakini nitachonga."

Jumamosi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha mchana, udongo laini. Mkapiga muhuri wa kwato kutoka mlango wa makumbusho, ambao ndio ulikuwa pango letu, mpaka lamboni, ncha zote zikielekea majini. Mkapishanisha nyayo za ng'ombe wakubwa na za ndama. Haki ya Mungu, sijawahi kuona watoto wakifanya kazi kwa bidii namna ile bila kusukumwa. Ilipokwisha, mtu angeapa kwamba kundi limetoka kwetu likateremka kunywa maji. Tukarudi ndani kupaka rangi ukuta wa pango, sote tumelowa matope na furaha.

Na sikumwambia mtu. Hebu fikiri! Mwalimu mzima, mtoto wa mfugaji, niliyezaliwa bomani, nachapa nyayo za ng'ombe hadharani saa ambayo mifugo inarudi nyumbani, na hata kwa mwenyekiti wa kijiji sikupita. Mtu wa pwani angesamehewa, angesema hakujua. Mimi ningesema nini?

Jioni ileile mitamba wawili wa Mzee Nyamhanga hawakuonekana bomani. Huyu ndiye mzee aliyekuwa anategemewa na kijiji chote kwa kusoma nyayo. Mwanawe akakimbilia lamboni, akakuta nyayo za kundi zima lililoingia majini na halikutoka. Akapiga yowe. Sisi ndani tukalisikia, watoto mkanitazama, nami nikasema, kwa ushupavu wote, "Endeleeni na kazi, hilo halituhusu."

Wanaume wakahangaika ng'ambo ya lambo wakitafuta nyayo zinakotokea, hakuna. Hila ya Kako ilikuwa imefanya kazi, tena kwa watu wanaojua! Mpaka Mzee Nyamhanga alipoinama akaangalia vizuri, akasema, "Kundi lote hili limepita hapa, na hakuna hata mmoja aliyekunya? Ng'ombe gani hawa, wa mbinguni?" Akageuza watu, wakafuata nyayo kule zilikotoka.

Zilitoka kwetu. Nikasikia vishindo, kisha mlango unagongwa kwa fimbo. "Mwalimu! Toa ng'ombe!" Nikafungua. Mbele yangu fimbo, pinde, tochi, na nyuso za watu ambao hawakuja kucheza. Nami mikono yangu miwili ni myekundu kwa rangi mpaka kwenye viwiko, utadhani nimetoka kuchinja. Mgeni, mtu wa Tarime, na nyayo zimeishia mlangoni kwangu. Robi, nilifungua mdomo, Kiswahili kikanikimbia, Kikurya nacho kikakifuata. Niliogopa kweli. Niliogopa kwa ajili yenu kuliko kwa ajili yangu.

Ndipo wewe ukapenya chini ya mkono wangu na kinyago cha Kako usoni, ukakiinua juu ya kipaji, ukasema, "Shikamooni."

Wakafanyaje? Mtu hata akiwa na upinde, shikamoo ya mtoto haikataliki. "Marahaba," wakajibu, mmoja mmoja, kwa shida. Nawe ukasema, "Mwizi ni mimi. Lakini ng'ombe si wenu, ni wa Mrumi."

Kisha mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, wakafuata wote, vicheko vya kushika mbavu. Wakakaa chini palepale kwenye majani mabichi, ukawasimulia. Hukuwa na karatasi! Ulikuwa unakoroma usingizi wa Herkule, unatema moto wa Kako, ukikosa neno la Kiswahili unachota la nyumbani na kusonga mbele. Kijana mmoja akabisha kwamba yeye anaweza kumvuta dume mkia kinyumenyume. "Nenda, mura, tuone!" wakamwambia. Akaenda kujaribu kwa maksai wa mwenyekiti, na wote tukaona alivyokwenda kukaa kwenye matope. Katikati ya hayo ikaja habari kwamba mitamba wa mzee wamejirudia wenyewe nyumbani, walikuwa wanatafuna mahindi ya jirani. Mimi nikatozwa mbuzi kwa kuwaamsha watu bure, akachinjwa usiku uleule, nyama ilipoiva hadithi ikakatika hapohapo.

Hiyo ndiyo sehemu unayoijua, na tunaisimulia kila Krismasi. Yaliyofuata hatuyasimulii.

Nikawa Mwalimu Kwato. Sokoni, Mwalimu Kwato. Kwenye mkutano wa wazazi mtu anauliza kama nimekuja na kundi. Nilishuka Issenye siku moja kwa shughuli ya shule, hata hapo wale vijana wa bodaboda wasionijua wakaniita, "Mwalimu, leo unawaswaga wangapi?" Nilicheka nao, nikafika nyumbani nikalia. Fedheha ilinila, mwanangu. Nikajiambia sitachekwa tena maishani.

Ndipo nilipoharibu. Nikaenda kutoa fotokopi za miungu ya Warumi, kila mtoto karatasi yake na kalamu ya rangi. Hakuna kuigiza, hakuna matope, hakuna kutoka nje. "Msivuke mstari," nilikuwa nasema. Nikawa nasoma habari za kila mungu kutoka kwenye kitabu, kwa sauti ile ile ninayoisikia kwako wiki hii. Hakuna aliyenicheka. Hakuna aliyefanya chochote.

Unamkumbuka Wegesa, yule msichana mdogo aliyekuwa anakaa karibu na dirisha? Tulikuwa kwenye habari ya Romulo na Remo, mapacha waliotupwa wakanyonyeshwa na mbwa mwitu. Yeye akamchora fisi. Mapacha wamelala chini ya tumbo la fisi, na fisi amegeuza shingo anawaangalia kwa upendo. Nilimwambia, "Si fisi, ni mbwa mwitu." Akasema, "Mwalimu, lakini fisi ndiye anayejua kutembea na watoto usiku." Nikachukua raba nikamfuta fisi wake, nikamchorea mbwa mwitu wa kwenye kitabu. Alinitazama tu. Hakurudi tena. Nimefundisha miaka mingi na nimekosea mengi, lakini nikiamka usiku ni ile raba ninayoikumbuka. Mtoto alikuwa ameichukua hadithi ya Roma akaileta mpaka nyumbani kwao, mimi nikaifukuza.

Wakapungua. Akaondoka huyu, akaondoka yule, mwishowe hata wewe ukaanza kuumwa tumbo kila Jumamosi. Siku moja ukaniambia, "Mama, Warumi wako siku hizi wanasinzia." Nikakufokea. Kwa hilo nisamehe, ulisema kweli.

Sasa sehemu ambayo sijakuambia. Jumamosi moja mlikuwa watoto wachache sana, nikafunga mapema, wewe ukaenda kisimani. Namwona Mzee Nyamhanga anakuja, fimbo mkononi, uso umekunjamana. Nikajua ameleta jingine. Nikamwamkia. Hakukaa. Akasema, "Mwalimu, wewe una tabia mbaya."

Nikasema, "Nimefanya nini tena, mzee?"

"Ulitukalisha kwenye umande, mtoto wako akasimulia mpaka mwizi ameingia pangoni, nyama ikaiva, basi. Tangu siku ile nalala naamka. Yule mwizi wa mikia, walimkamataje?"

Nilimtazama nikidhani ananidhihaki. Hakuwa na dhihaka hata chembe. Akaendelea, "Nawauliza wenzangu, kila mtu ana lake. Mmoja anasema mavi. Mimi nasema hapana, huyo Herkule hakuwa mtu wa kuangalia mavi."

Nikamwambia mwisho wake. Herkule alikuwa amekata tamaa, akaanza kuwaswaga waliobaki aende zake. Wakati wa kuondoka ng'ombe wakalia, na mmoja aliyefichwa ndani ya pango akawaitikia wenzake.

Mzee yule alipiga paja lake kofi, akaruka! "Aliitika! Si nilisema? Ng'ombe hajui kutunza siri!" Akacheka mpaka ikabidi akae kwenye ngazi ya makumbusho. Kisha akauliza Kako alipigwa vipi, na ng'ombe walikuwa rangi gani, na kwa nini siku hizi hapa pamekuwa kimya kama hospitali. Nikamwambia nimechoka kuchekwa. Akashangaa kweli. "Nani alikucheka? Sisi tulikuwa tunafurahi. Mtu asiyetaka habari yako hawezi kukucheka, ameshaenda zake."

Hayo mimi sikuyajua, Robi, na umri ule wote! Miezi nilikaa nimejifungia na fotokopi, na huko nje watu walikuwa wanabishana habari za Herkule kwenye pombe. Wale walionicheka ndio hao hao waliokuwa wanataka mwisho wa hadithi. Jumamosi iliyofuata nilizitupa zile karatasi jikoni, tukachimba udongo, Kako akarudi, na watoto wakarudi pole pole. Wegesa sikumpata, walikuwa wamehama.

Basi watoto wa Dar watakucheka. Nakuambia mapema. Utafungua mdomo, "r" yetu itatoka inanguruma, na kuna mmoja atakayeirudia, na wote watavunjika mbavu. Usiikimbilie karatasi. Wasubiri wamalize, na ukiweza cheka nao. Halafu waulize: wizi wa huku unaendaje? Hao hawajui lambo wala boma, lakini mwulize mtoto wa Dar mtu akiiba bajaji atafichaje alama za magurudumu! Mwache Kako aibe bajaji! Mwache aisukume kinyumenyume hadi kwenye pango lililoko nyuma ya gereji, na Herkule ampigie honi, na ile bajaji iliyofichwa iitike kwa honi yake! Wape maboksi, wape matairi yaliyochakaa wayapake rangi na kuyabingirisha kwenye karatasi ndefu sakafuni. Mtoto akimchora paka wa mtaani ananyonyesha mapacha, usimguse. Muulize jina la huyo paka. Wakishamaliza ndipo wapeleke wakaangalie zile sanamu, uone watakavyozisogelea. Ee, ningekuwa na umri wako ningepanda hilo basi mimi!

Karatasi yao ni nzuri, iheshimu, isome uijue. Kisha ikunje uiweke mfukoni. Na kitu kimoja: mwombe msimamizi wako ruhusa kabla ya kutoka nje na alama zozote. Hilo limenigharimu mbuzi.

Baba yako anauliza nini ninachoandika muda wote huu, nimemwambia ni hesabu za kanisa. Begi limefungwa, nimesikia. Nitaitia barua hii kwenye mfuko wako wa pembeni, utaiona mkishapita Musoma.

Kesho alfajiri, stendi, utaniona nimekaa sawasawa, sitatoa chozi. Utakapokanyaga ngazi ya basi nitakuita kwa sauti, nikuambie uniage kwa lafudhi yetu, na ukijibu nitakucheka. Nitakucheka mbele ya kondakta, wauza karanga na abiria wote, kwa nguvu zangu zote, mpaka wageuke. Ukifikiri mama yako ameingiwa na wazimu, soma hapa ujue: nimetaka mtu wa kwanza kukucheka safari hii awe mtu anayekupenda.

Mimi mama yako,
Mwalimu Kwato